Chikungunya Si Kiswahili: Marejeo ya Makala za Tiba Yanavyopangwa, na Kwa Nini

Daktari kijana anayesomea ubingwa aliniletea mswada wake niupitie kabla hajautuma jaridani. Sentensi ya kwanza kabisa ilisema chikungunya, jina la ugonjwa unaoenezwa na mbu, ni neno la Kiswahili lenye maana ya "kile kinachokunja", na mwisho wa sentensi palikuwa na tarakimu 1, ndogo, imepandishwa juu ya mstari kama inavyotakiwa. Nikamuuliza, "Dokta, wewe mtoto wa Tandika. Lini umemsikia mtu akilitumia neno hilo kwa Kiswahili?"

Akacheka. "Ndivyo wanavyoandika, kaka. Nimeiona kwenye makala tatu."

Tukazifungua zote tatu. Ya kwanza ilirejea ya pili, ya pili ikarejea ya tatu, na ya tatu ikarejea kitabu ambacho kati yetu hakuna aliyewahi kukishika. Neno lenyewe ni la Kimakonde. Ugonjwa uliandikwa kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, uliokuwa Mkoa wa Kusini wa Tanganyika, na hata Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba jina limetoka Kimakonde. Lakini makala za kigeni zinazolipachika Kiswahili ni nyingi, na kila moja ina namba yake safi inayoelekeza kwa mwenzake.

Rejea ni sawa na kumwelekeza mgeni nyumbani kwako. Ukimwambia "shuka kituoni, ulizia kwa Mangi", atazunguka mpaka usiku, maana kila mtaa una Mangi wake. Inabidi utaje kituo, barabara, rangi ya geti. Nukta, mikato na namba zinazowatoa jasho waandishi wa makala za tiba zina kazi hiyo hiyo: msomaji asiyekujua, aliye nchi nyingine, miaka 30 baadaye, afike kwenye ukurasa ule ule uliousoma wewe. Ukishalielewa hilo, sheria nyingi zinazoonekana za ajabu zinaanza kuwa na akili.

Jina la mji

Mtindo unaotawala kwenye tiba unaitwa Vancouver. Januari 1978 kikundi kidogo cha wahariri wa majarida ya tiba kilikutana katika mji huo wa Kanada kukubaliana umbo moja la miswada. Kabla ya hapo, mswada uliokataliwa na jarida moja ulilazimika kuchapwa upya kwa taipureta ili ulifae jarida lingine. Mwaka 1979 masharti yao yakachapishwa, yakiwa na mpangilio wa marejeo ulioandaliwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Kikundi kikakua, kikawa Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, maarufu kwa kifupi ICMJE, na tangu 2013 waraka wao unaitwa Mapendekezo.

Mapendekezo, kumbuka, si amri. Ndiyo maana majarida mawili yanaweza kudai yote yanafuata Vancouver na bado yakatofautiana. Chama cha Madaktari cha Marekani kina mtindo wake, AMA, ambao ni kama binamu: unatumia namba vilevile lakini unatofautiana kwenye vitu vidogo vidogo. Ukisoma "tunafuata Vancouver" kwenye maelekezo ya jarida, usiishie hapo. Fungua makala moja waliyoichapa mwaka huu, shuka mpaka kwenye marejeo, utazame wanavyofanya. Dakika tano hizo zitakufaa kuliko mwongozo wa kurasa 40.

Waliotoka kwenye sayansi ya jamii wanakuja na mazoea ya Harvard, yaani jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano, kisha orodha ya alfabeti mwishoni. Katika Vancouver alfabeti haina kazi. Foleni inafuata nani ametangulia kutajwa.

Namba

Chanzo cha kwanza kutajwa ndani ya maandishi kinapewa 1, kinachofuata 2, na kuendelea. Kikitajwa tena ukurasa wa tisa kinabaki na namba yake ile ile. Zikifuatana zinaunganishwa kwa kistari: 5-8 maana yake ya 5, 6, 7 na 8.

Mtego mkubwa uko kwenye majedwali. Tuseme Jedwali la 2 limetajwa mara ya kwanza mara tu baada ya rejea ya 14. Vyanzo vipya vilivyomo ndani ya jedwali hilo vinaanza na 15, hata kama jedwali lenyewe limewekwa mwisho kabisa wa mswada, kama majarida mengi yanavyotaka. Kompyuta hailijui hilo. Inasoma faili kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo jedwali lililobandikwa mwishoni linapewa namba za mwishoni. Nimeona miswada mizuri ikirudishwa na dawati la uhariri kwa kosa hili hili, bila mtu kusoma hata matokeo.

Namba ikae wapi ndani ya sentensi? Kando ya dai inalolibeba. Ukiandika kwamba chikungunya imeripotiwa Lamu, Komoro na Mombasa, kisha ukatupa [4-6] mwisho wa sentensi, msomaji hajui ipi inazungumzia Lamu. Andika: Lamu,[4] Komoro[5] na Mombasa.[6] Inachosha kidogo kuiandika, ila humlazimishi mwenzako afungue makala tatu kutafuta jambo moja.

Kama jarida linatumia tarakimu za juu ya mstari badala ya mabano, usiibandike rejea moja kwa moja kwenye namba nyingine. "Watoto 12" ikifuatiwa na rejea ya 3 itasomeka kama 12 kipeo cha tatu, na hao ni watoto 1,728. Geuza sentensi ili rejea ikae baada ya neno. Kama namba inatangulia nukta au inaifuata, hilo ni la jarida husika. Uliza nyumba unayoingia wanakula saa ngapi.

Rejea moja kwa karibu

Turudi Newala, kwenye uwanda ule wa Makonde. Hii ndiyo makala ambayo dokta wangu alitakiwa kuanza nayo:

Robinson MC. An epidemic of virus disease in Southern Province, Tanganyika Territory, in 1952-53. I. Clinical features. Trans R Soc Trop Med Hyg. 1955;49(1):28-32.

Jina la ukoo linatangulia, kisha herufi za mwanzo za majina mengine. Hakuna mkato kati ya Robinson na MC, wala nukta kati ya M na C. Kwenye majina, mkato umehifadhiwa kwa kazi moja tu, kutenganisha mwandishi na mwandishi, na nukta inafunga kila kipande: waandishi, kichwa, jarida. Mashine na maktaba zinasoma kwa kutegemea alama hizo. Ukiandika "Robinson, M.C." umeiambia mashine kuna watu wawili, mmoja Robinson na mwingine M.C.

Kichwa cha makala kina herufi kubwa mwanzoni na kwenye majina maalumu tu. Hakina alama za kunukuu wala mlazo.

Kisha jina la jarida, ambalo limefupishwa. Kwa kirefu ni Transactions of the Royal Society of Tropical Medicine and Hygiene, na hapo unaelewa kwa nini watu walitafuta njia ya mkato. Ila ufupisho haubuniwi mezani. Uko kwenye katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na unaangaliwa huko. East African Medical Journal ni East Afr Med J; Pan African Medical Journal ni Pan Afr Med J. Jina la neno moja halifupishwi, kwa hiyo Lancet inabaki Lancet. British Medical Journal tangu 1988 jina lake rasmi ni BMJ, na ukiandika "Br Med J" kwa makala ya mwaka jana umejitambulisha kwamba ulinakili kutoka kwenye orodha ya mtu.

Mwishoni kuna msururu unaotisha wageni: 1955;49(1):28-32. Mwaka, nukta mkato, juzuu, toleo ndani ya mabano, nukta pacha, kurasa. Hakuna nafasi kati yake. Wakati mwingine utakuta na mwezi baada ya mwaka. Zote mbili ni sahihi: kama jarida linahesabu kurasa mfululizo juzuu nzima, mwezi na toleo vinaweza kuachwa, kwa sababu ukurasa wa 28 wa juzuu ya 49 ni mmoja tu.

Sasa angalia ndugu zake. Ile "I" kwenye kichwa inatuambia kuna sehemu ya pili, na iko toleo lile lile, kurasa 33-57, mwandishi Lumsden. Katika makala aliandika W.H.R. Lumsden, herufi tatu, lakini maktaba ile ya Marekani inaruhusu mbili tu, kwa hiyo huko anaonekana Lumsden WH. Ukimtafuta kwa herufi tatu unaweza kumkosa. Sehemu ya tatu, kuhusu kirusi chenyewe, iliandikwa na Ross RW, ikatoka mwaka 1956 kwenye jarida jingine kabisa: J Hyg, na neno Lond ndani ya mabano. Mabano hayo yanataja mji, kwa sababu yako majarida zaidi ya moja yenye jina linalofanana. Kurasa zimeandikwa 177-91, yaani 177 mpaka 191. Tarakimu iliyojirudia imeachwa. AMA wao wanataka 177-191 kwa kirefu. Nimewaona watu wanaosoma 177-91 wakadhani ni kosa la uchapaji, wakalisahihisha kuwa 91-177.

Majina yetu

Mfumo huu ulijengwa na watu wenye jina la ukoo. Sisi wengi tuna jina letu, la baba na la babu. Mtu anayeitwa Mwanaidi Juma Salum atakuwa Salum MJ. Lakini kwenye makala yake ya kwanza alijiandikisha kwa majina mawili, akawa Juma M. Akaolewa, akatumia jina la mume kwenye ya tatu. Hifadhidata inaona watafiti watatu wasiojuana.

Kenya nako kuna kishada cha ng'. Jina Ng'ang'a linaweza kuonekana na alama zilizonyooka, zilizopinda, au bila alama kabisa, Nganga, kutegemea mhariri wa mwaka huo alikuwa na kibodi gani. Kanuni ni kuandika jina kama lilivyochapwa kwenye chanzo, hata kama unamfahamu mwenyewe na unajua analiandika vingine. Kazi yako hapo ni kumfikisha msomaji kwenye makala. Jina la mtu litasahihishwa na mwenye jina. Na wewe unayeanza kuandika leo, chagua umbo moja la jina lako ushikamane nalo, ufungue na namba ya ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti. Ni bure, ina tarakimu 16, ipo tangu 2012, na haibadiliki ukioa, ukiolewa au ukihama chuo.

Waandishi wakiwa wengi, sampuli za ICMJE zinaorodhesha sita wa kwanza kisha et al., ile "na wenzake" ya Kilatini. AMA nao wanakubali mpaka sita, ila wakifika saba au zaidi wanataja watatu tu kisha et al. Hapo ndipo watu wanapochanganya mitindo miwili ndani ya orodha moja.

Vyanzo visivyo makala

Miongozo ya wizara na mashirika inaandikwa kwa jina la taasisi kama mwandishi, halafu kichwa, mji, mchapishaji, mwaka. Ukurasa wa wavuti unahitaji pia tarehe uliyousoma, kwa sababu kesho unaweza kuwa umebadilika. Makala isiyopitiwa na wataalamu inatajwa wazi kuwa ni rasimu ya awali, pamoja na toleo lake. Iliyokubaliwa lakini haijatoka, unasema hivyo. Alichokuambia profesa kwenye korido hakiingii kwenye orodha hata kidogo: kama ni lazima, jina lake na tarehe vinakaa ndani ya maandishi kwenye mabano, na kwanza umwombe akuandikie ruhusa.

Makala ya jarida iliyoandikwa kwa Kiswahili inarejewa vizuri tu. Kichwa kinatafsiriwa kwenda lugha ya jarida unaloliandikia na kuwekwa ndani ya mabano mraba, na mwishoni unataja kwamba lugha ni Kiswahili. Watu wengi wanaviacha vyanzo hivi kwa kudhani havikubaliki. Vinakubalika.

Mashine na tope lake

Usipange marejeo kwa mkono. Ziko programu za kupanga marejeo: Zotero ni bure. EndNote na Mendeley zipo pia. Unachagua mtindo wa jarida, namba zinajipanga, ukikataliwa unabadilisha mtindo kwa kubofya mara moja. Yale ya 1978 na taipureta yamekwisha.

Lakini programu inapanga ulichoipa. Makala za zamani kama hiyo ya Robinson zinaweza kushuka kutoka PubMed, hifadhidata ya makala ya maktaba ile ya Marekani, zikiwa na jina la mwandishi kwa herufi kubwa zote, na orodha yako itakuwa na mtu mmoja anayepiga kelele katikati ya waungwana. Kosa maarufu kuliko yote ni la Shirika la Afya Duniani. Programu inadhani ni mtu mwenye majina matatu, World Health Organization, inachukua la mwisho kama ukoo, na orodha inatoka na mwandishi aitwaye Organization WH. Huyu bwana ameandika sana. Utamkuta kwenye majarida makubwa tu. Dawa yake kwenye Zotero ni kubadilisha sehemu ya jina iwe kisanduku kimoja. Kwenye EndNote weka mkato baada ya jina la taasisi.

Kabla ya kutuma, tunza nakala yenye viungo vya programu, halafu tuma nakala iliyogeuzwa kuwa maandishi ya kawaida kama jarida linataka hivyo. Ukiigeuza iliyo pekee, siku wapitiaji wakikuomba uongeze rejea ya 3 utaanza kuhesabu kwa vidole.

Kisichopangwa na mashine

Mwaka 1980 jarida la tiba la New England, la Marekani, lilichapa barua fupi ya Porter na Jick, sentensi tano tu. Walisema kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa angalau dawa moja ya jamii ya afyuni wakiwa wamelazwa, waliona wanne tu walioathirika na uraibu bila kuwa na historia yake. Walizungumzia waliolazwa, basi. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada wakaitafuta barua hiyo kila ilikotajwa, wakapata mara 608. Asilimia 72.2 ya waliotaja waliitumia kuthibitisha kwamba uraibu ni nadra, na asilimia 80.8 hawakusema kwamba wagonjwa walikuwa wodini. Jarida likaweka onyo juu ya barua yenyewe. Wakati huo janga la dawa hizo Amerika Kaskazini lilikuwa limeshaua watu wengi mno. Marejeo hayo 608 inawezekana kabisa yalikuwa na nukta na mikato mahali pake.

Kusoma chanzo chenyewe kunashindikana mara nyingi kwa sababu ya kawaida tu: makala imefungwa, inataka dola, unaona muhtasari peke yake. Kabla hujakata tamaa mwone mkutubi wa chuo. Programu ya Hinari ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza 2002, inafungulia taasisi za nchi zenye kipato cha chini maelfu ya majarida, na vyuo vingi vya afya kwetu vimo. Nenosiri liko kwa mkutubi, halijaulizwa.

Angalia pia kama makala bado iko hai. Ile ya Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilifutwa na Lancet Februari 2010, lakini faili lake bado linazunguka. PubMed huweka alama kwenye makala zilizofutwa, na Zotero hukuonya ikiwa unayo kwenye maktaba yako. Ukilazimika kuitaja, sema kwamba imefutwa.

Na akili mnemba. Ukiiomba marejeo inaweza kukupa orodha nzuri mno: majina ya watafiti wa kweli, jarida la kweli, juzuu na kurasa zinazoelekea, na makala ambayo haijawahi kuandikwa. Bofya kila namba ya DOI, utambulisho wa makala mtandaoni, zile zinazoanza na 10, uone inakufikisha wapi. Ikikufikisha kwenye makala ya ng'ombe wa maziwa wakati wewe umeandika kuhusu malaria, umeshajua. ICMJE haikubali akili mnemba iwe mwandishi, wala matini yake itajwe kama chanzo cha msingi.

Dokta wangu alirudi baada ya siku nne. Alikuwa amempata Robinson na Lumsden, akawasoma, na sentensi ya kwanza ikawa inasema Kimakonde. Rejea moja imekuwa tatu: wawili hao kwa ajili ya mlipuko, na ukurasa wa Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya jina. Kwa hiyo iliyokuwa 2 sasa ni 4, na zote zilizofuata zimesogea hatua mbili. Ndani ya maandishi zilijisogeza zenyewe. Kwenye Jedwali la 1 alikuwa ameziandika kwa mkono.

"Zote, kaka?"

Zilikuwa 19. Nikamsogezea kiti.